Mgongo umenyooshwa, mbona mwanangu bado amelalia upande?

*"Habari za kazi, daktari. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa mgongo uliopinda. Tuliambiwa mpindo ulikuwa nyuzi 58 na sasa umebaki nyuzi 18. Vyuma vimeanzia pingili ya 4 ya kifua hadi ya 1 ya kiuno. Imepita miezi 14. Kidonda kimepona, maumivu hana, shule anaendelea. Lakini mimi mama yake naona mambo. Zamani bega la kulia ndilo lilikuwa juu, sasa limepanda la kushoto. Kwenye picha za ubatizo wa mdogo wake amelalia kushoto kama mti uliopigwa na upepo. Akitembea anakaza mwili, wenzake wanamtania eti amemeza mwiko. Tena bafuni, akifumba macho kunawa sabuni, lazima ashike ukuta. Kliniki ya mwisho waliangalia picha wakasema yuko vizuri, turudi baada ya miezi sita. Bibi yake anasema ni mkao mbaya na begi zito, na amepata mkandaji anayenyoosha migongo. Shangazi yake anasema tununue mkanda. Mimi naogopa vyuma vimehama. Je, arudiwe upasuaji? Na akiwa mtu mzima itakuwaje, ataweza kuzaa?"*

Mama, pole kwa safari hiyo ndefu. Kabla sijaeleza lolote, naomba jambo moja: mkandaji asimguse mwanao. Simdharau bibi, na wapo wakandaji wenye mikono mizuri kwa misuli iliyochoka. Lakini mgongo wa binti yako sasa una skrubu zilizopita ndani ya mifupa, jirani kabisa na uti wa fahamu, na kati ya pingili kuna mfupa mpya ambao bado ni mchanga. Kuukanyaga, kuuvuta au kuuzungusha mpaka ulie ni kutafuta kuvunja chuma au kung'oa skrubu. Hata asingekuwa na vyuma, mpindo wa aina hii haunyooki kwa mikono, kwa sababu pingili zenyewe zilijizungusha wakati anakua. Mwambie bibi kwa heshima kwamba kazi ya kunyoosha ilishafanyika ndani, huku nje hakuna kilichobaki cha kuvuta.

Na nyie wazazi mjitoe kwenye lawama. Skoliosi ya ujana, yaani huku kupinda kwa mgongo upande, huanza kwa mtoto mzima kabisa, katika ule umri wa kurefuka ghafla, na huwapata vijana kama 2 au 3 katika kila 100. Mipindo midogo wavulana na wasichana hugawana karibu sawa. Ile mikubwa inayofika hatua ya upasuaji huwapata wasichana zaidi sana. Kurithi kuna nafasi yake, ndiyo maana ukiulizauliza kwenye ukoo mara nyingine anatokea shangazi au binamu mwenye bega moja juu. Begi zito linachosha mabega. Kukaa umejikunja kunauma shingo. Havipindi uti wa mgongo kwa nyuzi 58, na wala havikumlaza binti yako upande wa kushoto baada ya upasuaji.

Sasa nije kwenye hofu yako yenyewe. Umeona bega lililokuwa chini limepanda juu, ukajiambia kuna kitu kimehama. Ni wazo la kawaida kabisa, kwa sababu sote tunadhani daktari akinyoosha mgongo basi amemnyoosha mtu. Hesabu kidogo pingili zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, jumla 24. Za binti yako zilizofungwa kwa vyuma ni 10. Zimebaki 14 juu na chini yake ambazo hakuna aliyezigusa, na chini yake tena kuna nyonga, magoti na miguu. Daktari alinyoosha kipande cha katikati. Kusimama wima kwa mtu mzima kunatengenezwa na hivyo vilivyobaki, pamoja na ubongo, na vyenyewe havina taarifa kwamba katikati pamebadilika. Vinajifunza upya, taratibu.

Chukua bega. Mpindo mkubwa wa kifuani mara nyingi hutokeza kulia, na ndivyo maelezo yako yanavyoonyesha, maana bega la kulia ndilo lilikuwa juu. Lakini mgongo haupindi mara moja tu. Juu ya mpindo mkubwa, karibu na shingo, hujitengeneza mpindo mdogo unaoelekea upande wa pili, na chini, kiunoni, mwingine hivyo hivyo. Ndiyo njia ya mwili kuhakikisha kichwa kinabaki juu ya nyonga na macho yanatazama mbele. Siku ya upasuaji mpindo mkubwa ulikunjuliwa kutoka 58 hadi 18. Ule mdogo wa juu, kama ulishakuwa mgumu, haukunjuki kwa kiasi hicho. Unabaki pale ukilisukuma bega la kushoto juu. Kwa hiyo bega lililopanda baada ya upasuaji linaweza kuwa matokeo ya marekebisho makubwa, huku kila skrubu ikiwa mahali pake. Eksirei mliyopiga kliniki ndiyo inayojibu suala la vyuma kuhama, na wao wameitazama wakasema viko sawa. Macho ya mama yanaona mwili; hayaoni skrubu.

Kulalia kushoto nako kuna hadithi inayofanana. Mpindo wa kiunoni haukufungwa vyuma. Daktari aliuacha makusudi, akitegemea kwamba wa juu ukinyooka, wa chini nao utajipunguza wenyewe. Mara nyingi hujipunguza, ila unachukua muda, na katika muda huo kiwiliwili huegemea upande. Angeweza kuteremsha vyuma hadi pingili ya 3 au ya 4 ya kiuno. Pengine picha ya ubatizo ingependeza zaidi. Lakini kila pingili ya kiuno inayofungwa ni kuinama kunakopungua, na ni mzigo unaohamia kwenye maungio machache yanayobaki chini kwa miaka 60 ijayo. Binti yako amebakiwa na maungio matano yanayocheza chini ya vyuma. Kwa msichana wa miaka 15, hiyo ni mali. Mimi ningekuwa mzazi, ningekubali bega lipande kidogo kuliko kupoteza kiuno.

Muda wenyewe ni upi? Mabadiliko ya mkao huendelea hadi karibu miaka miwili baada ya upasuaji. Mwezi wa 14 uko katikati ya kazi. Ndiyo maana walikwambia mrudi baada ya miezi sita, ingawa nakubaliana nawe kwamba wangeweza kutumia dakika tano kukueleza sababu.

Nyumbani unaweza kupima, ili usiishi kwa kubahatisha. Umemwona fundi mwashi na timazi yake, ule uzi wenye kizito mwishoni anaoushusha ukutani? Sisi nasi tunautumia. Tafuta uzi, funga nati. Binti asimame peku, magoti yamenyooka, miguu iwe chini ya nyonga zake, mgongo wazi. Ainamishe kichwa, upapase nundu ya mfupa inayojitokeza zaidi chini ya shingo. Hiyo ni pingili ya 7 ya shingo. Ainue kichwa atazame mbele. Shikilia uzi pale kwenye nundu, uache nati ining'inie itulie, kisha angalia inaangukia wapi ukilinganisha na mfereji wa makalio. Ikiangukia katikati, amesimama juu ya nyonga zake. Ikienda pembeni, pima kwa rula. Chini ya sentimita 2 hatuna ugomvi nayo. Ikizidi hapo tunaifuatilia kwa karibu. Andika tarehe na namba, rudia baada ya miezi mitatu. Usipime kila Jumapili, utamchosha na utajichosha, maana mtu yeyote hubadilika milimita kadhaa kati ya asubuhi na jioni. Mwombe ruhusa kwanza. Ana miaka 15, si kila mtu anapaswa kuuona mgongo wake. Namba moja haisemi mengi. Namba tatu zinazoshuka, 2.5, kisha 2, kisha 1.5, zinasema mwili unajipanga. Zikipanda, nenda kliniki bila kusubiri tarehe.

Mabega yapime kwa picha: ukuta uleule, umbali uleule, mikono imelegea. Tofauti isiyofika sentimita 1 sisi tunayahesabu mabega kuwa sawa. Wengi wetu tunayo, waulize mafundi cherehani. Na ukiwa hapo, weka vidole vyako juu ya mifupa miwili ya nyonga, kulia na kushoto. Kama upande mmoja uko chini, huenda mguu mmoja ni mfupi kidogo, na timazi inaenda pembeni kwa sababu ya msingi, si ukuta. Mwekee daftari la unene wa sentimita moja chini ya mguu ule, upime tena. Uzi ukirudi katikati, mwambie fizio wenu, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, maana soli ndogo ndani ya kiatu inaweza kumaliza kilichokusumbua mwaka mzima. Nimeshaona hivyo zaidi ya mara moja.

Hayo yote ni ya kumtazama mtu kwa nyuma. Kwa umri mrefu, kinachoamua zaidi ni anavyoonekana kwa ubavuni, na hapa historia ilitufundisha kwa gharama. Miaka ya 1950, Paul Harrington, daktari wa Houston, Marekani, aliyekuwa akihudumia watoto waliopindwa na polio, alianza kutumia fito za chuma zilizoshika mgongo juu na chini na kuuvuta. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini fito zile zilikuwa zimenyooka, na mgongo wa binadamu kwa ubavuni haujanyooka: shingo inaingia ndani, kifua cha nyuma kinatoka nje, kiuno kinaingia ndani. Waliofungwa hadi chini kiunoni walipoteza ule mbonyeo wa kiuno. Ujanani walijimudu. Walipofika umri wa makamo, baadhi yao walianza kuinamia mbele, wakakunja magoti ili wasianguke, na mapaja yakawaka moto kwa kusimama dakika chache tu kwenye foleni. Leo fito hukunjwa zifuate umbo la mgongo kabla hazijafungwa, na skrubu huingia kwenye pingili nyingi, si kulabu mbili za juu na chini.

Mfaransa Jean Dubousset, aliyekuwa mmoja wa walioleta mtindo huo mpya miaka ya 1980, alieleza kusimama kwa mfano ninaoupenda sana. Fikiria koni iliyosimamishwa kwa ncha, ncha ikiwa kwenye nyayo zako na mdomo mpana ukiwa kichwani. Mwili ukiyumba ndani ya koni hiyo, misuli inatumia nguvu kidogo na mtu anaweza kusimama ibada nzima. Akitoka nje ya koni, kila dakika ni kazi, na mwishowe lazima ashike kitu: ukuta, fimbo, bega la mtu. Lengo letu kwa binti yako ni hilo. Mstari ulionyooka kama rula kwenye picha ni ziada. Tunataka asimame bila gharama. Basi mtazame kwa ubavuni: tundu la sikio liko juu ya bega, na bega juu ya nyonga? Magoti yamenyooka? Anaweza kusimama nusu saa mstarini shuleni bila mapaja kuwaka? Kama ndiyo, yuko ndani ya koni yake, hata bega la kushoto likiwa juu.

Nimekwepa bafuni makusudi, kwa sababu sentensi ile ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu hivi.

Ubongo hujua mwili umesimamaje kwa njia tatu: macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo, misuli na maungio. Binti yako alikua miaka kadhaa mgongo ukiwa umepinda, na ubongo wake ukaichukua hali ile kuwa ndiyo wima. Akalazwa kwenye meza ya upasuaji kwa saa chache, akaamka mrefu zaidi kwa sentimita kadhaa, katikati ya mwili pamehama, na misuli ya mgongoni iliyobanduliwa ili kuweka vyuma haijarudia kutuma taarifa zake vizuri. Ramani ya zamani inasema kitu kimoja, mwili mpya unasema kingine. Kijana mmoja niliyemfanyisha mazoezi aliniambia, "Nikisimama unavyotaka wewe, najiona naanguka kulia." Kwenye kioo alikuwa amenyooka kabisa. Mtu wa namna hii huyategemea macho kuliko kawaida. Akiyafumba kwa sabuni, anabaki na njia mbili, mojawapo haijaiva, anatafuta ukuta. Isitoshe, watafiti wameona mara nyingi kwamba vijana wenye skoliosi huyumba zaidi kidogo kuliko wenzao hata kabla ya upasuaji.

Hayo ndiyo maelezo ya kawaida na yasiyo na hatari. Yapo ya pili, nayo siwezi kuyaondoa nikiwa huku na wewe huko: kupepesuka macho yakifumbwa kunaweza pia kuwa dalili kwamba njia za fahamu ndani ya uti, zile zinazobeba taarifa za miguu, zimeguswa. Tofauti iko kwenye mwenendo. Kama alikuwa hivyo tangu wiki za kwanza na sasa ni afadhali, mimi naelekea kwenye maelezo ya kwanza. Kama alikuwa sawa, halafu hali hii ikaanza juzijuzi au inazidi, au anajikwaa, kandambili inamtoka mguuni bila kujua, anahisi ganzi au wadudu miguuni, basi msisubiri miezi sita. Hata kama ni afadhali, nataka daktari au fizio ampime ana kwa ana mwezi huu: nguvu za miguu, hisia za vidole, kugongwa magoti kwa kinyundo, kutembea kisigino kikigusa ncha za vidole. Ni robo saa. Kama mko Dar es Salaam, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana idara ya fiziotherapia. Kaskazini mwaweza kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Kwingine, hospitali ya rufaa ya mkoa inatosha kwa kipimo hiki.

Akionekana salama, tiba yake ni mazoezi, na mazoezi yenyewe hayana maajabu. Mizani hujengwa kwa kuitumia. Asimame kwa mguu mmoja karibu na meza akihesabu hadi 30, abadilishe. Akizoea, afanye huku anageuza kichwa, baadaye huku amefumba macho, akiwa kwenye kona ya chumba ili kuta mbili zimdake. Atembee kwenye mstari wa vigae. Awe anajitazama kwenye kioo, ajiweke sawa, afumbe macho, ahesabu kumi, afumbue aone amehamia wapi. Zoezi hili dogo ndilo linaloifuta ramani ya zamani kuliko yote ninayoyajua. Makalio na tumbo vipate nguvu, kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua nyonga. Misuli ya nyuma ya mapaja inyooshwe, kwa sababu kuanzia sasa anainama kwa nyonga zaidi kuliko kwa mgongo, na mapaja yaliyokaza yatayabebesha kazi maungio matano ya chini. Dakika 15, siku tano kwa wiki, miezi mitatu. Wiki mbili hazibadilishi kitu, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa.

Kutembea kama aliyemeza mwiko kuna sehemu mbili. Kuna ugumu wa kweli, ila ni mdogo, kwa kuwa eneo la kifua hata kwa mtu wa kawaida halichezi sana, limeshikwa na mbavu. Sehemu kubwa zaidi, katika wengi ninaowaona, ni woga. Miezi ya kwanza aliambiwa usiiname, usijizungushe, usinyanyue. Akatii. Hakuna aliyerudi kumwambia marufuku imeisha. Mtazame mikono akitembea. Kama haipigi mbele na nyuma, anajilinda. Mwulizeni daktari wa upasuaji waziwazi: mfupa umeshika? Anaruhusiwa nini? Miezi 14 baada ya upasuaji, kama picha ni nzuri, madaktari wengi huruhusu karibu michezo yote, baadhi wakizuia ile ya kukabana na kuangushana. Akiruhusiwa, mwache aogelee, acheze netiboli, acheze muziki. Kucheza muziki kunarudisha mikono na nyonga kuliko mimi na mazoezi yangu. Maji achote, ila ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa. Agawe, lita tano mkono huu na tano mkono ule, nazo zinamfundisha usawa.

Mkanda anaousema shangazi asinunue. Mkanda mgumu una kazi yake kwa mtoto anayekua, mpindo ukiwa bado wa wastani, kabla ya upasuaji. Binti yako ana vyuma ndani vinavyofanya kazi hiyo usiku na mchana. Mikanda laini ya kurekebisha mkao inayouzwa mitandaoni itamvuta mabega nyuma wakati ameivaa, na kuinyima misuli mafunzo ambayo ndiyo anayoyahitaji. Fedha hiyo ilipe nauli ya fizio.

Kurudia upasuaji? Kwa uliyoyaeleza, sioni sababu leo. Upasuaji wa pili hupita kwenye kovu, damu hupotea zaidi, hatari ya maambukizi huongezeka, na mara nyingi huishia kufunga pingili zaidi, yaani kuuza kile kiuno tulichokiokoa. Hufikiriwa pale kuegemea kunapoendelea kuongezeka baada ya miaka miwili na kumtesa, au skrubu zikilegea, au mfupa ukikataa kushika na maumivu yakaja, au mgongo ukianza kukunjika mbele juu ya vyuma au chini yake. Kuna hali nyingine inayowahusu watoto waliofanyiwa upasuaji wakiwa wadogo sana: upande wa mbele wa pingili huendelea kukua wakati nyuma pamefungwa, na mgongo hujizungusha upya. Kama mwanao alivunja ungo muda mrefu kabla ya upasuaji na kurefuka kumeshapungua, hilo halinisumbui. Kama ndio kwanza anaanza hedhi, litaje kliniki.

Kuzaa ataweza, panapo majaliwa, na kwa njia ya kawaida kama hakuna sababu nyingine ya uzazi. Vyuma havigusi nyonga. Akihitaji ganzi ya mgongoni, sindano hupita chini ya pale vyuma vyake vinapoishia, ila amwambie mtaalamu wa ganzi mapema na awe na picha yake mkononi. Kuhusu uzee, huko Göteborg, Uswidi, madaktari waliwafuatilia wagonjwa waliofungwa zile fito za Harrington kwa zaidi ya miaka 20. Wengi walikuwa wanafanya kazi, wana familia, na maisha yao yalikaribiana na ya wenzao. Maumivu ya mgongo walikuwa nayo kidogo zaidi. Hao walikuwa na vyuma vya kizamani. Binti yako ana vya kisasa na kiuno karibu chote. Atunze uzito, asivute sigara, asiache mazoezi akifika chuo.

Kuna mambo ambayo hayangoji kliniki wala jibu langu. Miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kudhibiti mkojo au choo, ni dharura, hospitali siku ileile. Homa isiyoeleweka, kovu kuvimba, kuuma au kutoa majimaji, hata ikiwa ni miaka kadhaa baadaye, maana maambukizi kwenye chuma hujificha muda mrefu. Maumivu mapya makali sehemu moja, hasa baada ya kusikia kitu kimekatika. Umbo kubadilika ndani ya wiki chache, mbavu zikitokeza upya, nguo ikianza kukaa vibaya ghafla.

Na kwa sasa, bafuni mtandikie mkeka wa mpira, mwekee kigoda anawie uso akiwa ameketi, mpaka atakapopimwa. Akishapimwa na kuonekana salama, kiondoe kigoda.